Tyuni ya Nyumbani

Jirani yangu Leodegar ni mtu wa kuudhi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nimekaa chini kumsifia. Ukimsalimia anajibu "nipo." Ukimuuliza kama amekula anasema "nimekula," na hasemi nini. Ukimwambia nyumba yake inaungua, nadhani atakushukuru kwa taarifa. Tangu mkewe afariki ndivyo alivyo. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maneno mengi na kelele nyingi, nami nilikuwa namlalamikia kwa hizo kelele. Siku hizi namlalamikia kwa ukimya. Mume wangu Hilal anasema mie sina jema.

Tunakaa Segerea, nyumba yetu na yake zinatumia ukuta mmoja. Sisi tuna duka pale mbele, la vyakula na vitu vya nyumbani, lililofunguliwa na baba yake Hilal wakati huku bado ni mikorosho. Leodegar alikuja baadaye, Mhaya wa Muleba, karani katika ofisi moja ya kupokea mizigo ya ndege kule Kiwalani. Alikuja na mkewe Yustina, na mtoto wa kike mgongoni, Kemilembe, ambaye mtaa mzima unamwita Kemi. Kwa hiyo mimi namwita Baba Kemi, naye ananiita Mama Mazin, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Na alikuja na gitaa.

Hili la gitaa inabidi nilieleze taratibu, maana ndicho kisa chenyewe, na mie si mtu wa muziki. Gitaa lina nyuzi sita. Kila uzi umefungwa kwenye kifunguo chake kule juu shingoni. Ukikaza, sauti inapanda, ukilegeza, inashuka. Watu wengi wanazikaza nyuzi zao kwa namna moja tu, ile ya kawaida, na siku hizi simu inakusaidia: unagonga uzi, simu inaonyesha rangi ya kijani, kazi imekwisha. Gitaa la kwaya ya parokia yao limefungwa hivyo. Baba Kemi hulipiga kila Jumapili, na hata Wakristo wenzake wenye wivu wanakubali kwamba analijua.

Nyumbani kwake, lakini, alikuwa na gitaa lake mwenyewe, gitaa kavu la zamani lisilotaka umeme, rangi yake kama chai ya maziwa. Hilo hakulifunga kwa namna ya kawaida hata siku moja. Baba yake mzazi alikuwa mpiga enanga huko Muleba. Enanga ni chombo cha Wahaya, ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, nyuzi zimetandazwa juu yake, na mpigaji hukipakata huku akiimba. Leodegar alipokuwa kijana alinunua gitaa, akazisogeza nyuzi zake, hii juu, ile chini, mpaka zikasema kama enanga ya baba yake. Hiyo ndiyo aliyoiita tyuni ya nyumbani. Siku moja nilimuuliza kwa nini asifunge kama wenziwe, apunguze kazi.

"Ile ya kawaida nzuri tu, Mama Mazin," aliniambia, wakati huo bado anaongea. "Inaenda na kila kitu. Ila ukipiga nyimbo za kwetu humo ndani, ni kama kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kikombe cha chai. Imo, lakini siyo."

"Mie mtoto wa Kiislamu, rubisi nitaijulia wapi?"

"Basi uji," akasema, na Yustina alicheka mpaka akaacha kuchambua mchele.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo lililokuja kuleta matatizo. Tyuni ya kawaida ina mahali pake. Ukiwa Segerea au ukiwa Bukoba, simu itakupeleka pale pale. Tyuni ya nyumbani haina mahali. Inaanzia kwenye sauti ya mwimbaji, na nyuzi zote zinajipanga kuanzia hapo. Na katika nyumba ile mwimbaji alikuwa Yustina. Kwa hiyo kila jioni, wakati mimi nafunga duka niwahi Magharibi, namsikia Baba Kemi barazani: "Yustina, toa." Naye, bila kuacha mwiko wake, anatoa sauti moja ndefu kutoka jikoni, eee, sauti ya juu na nyembamba iliyonyooka, na mume anakaza na kulegeza mpaka uzi unakutana nayo. Kisha anazifuatisha nyingine. Kila jioni. Maana nyuzi, nilielezwa, hazikai. Zinateleza zenyewe, na hewa yetu hii ya Dar haizisaidii.

Nilimuuliza Yustina, "Mumeo hana masikio mpaka umuazime?"

"Anayo, shoga," akanijibu. "Hana pa kuanzia tu."

Yustina alianguka jikoni asubuhi moja, presha, na walipofika hospitali alikuwa ameshaondoka. Tulimlilia sana. Mimi nililia mpaka Hilal akanitoa pale msibani akanirudisha nyumbani, kwa sababu niliwashtua wageni. Mwenye mke hakulia. Alikuwa akizunguka chini ya turubai akiuliza kama viti vinatosha. Wakamsafirisha Muleba wakamzika kwenye migomba ya kwao, akarudi na begi lake, akaingia kazini Jumatatu. Watu wakasema mwanaume kajikaza. Mie nilimtazama machoni nikaona hajajikaza wala nini. Hakukuwa na kitu cha kukaza.

Gitaa kavu akalitundika kwenye msumari sebuleni, juu ya kabati la vyombo, akakataza lisiguswe. Si kufutwa vumbi, si kusogezwa. Jumapili alikwenda kupiga lile la kwaya, kwa tyuni ya simu, na hakuna aliyeona tofauti yoyote katika upigaji wake. Mwaka ukapita, na kitu juu yake.

Ndipo Kemi akapata mchumba. Kemi sasa ni mtu mzima, anauza dawa kwenye famasi moja Ukonga, na huko ndiko alikompata Petro, fundi wa majokofu, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi wakati wote. Mahari ikapokelewa, kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikaundwa, na mie nikawekwa kwenye chakula, kwa kuwa wanajua pilau ya kwangu haina mjadala.

Sasa katika ukoo wa Baba Kemi kuna wimbo wa kumuaga binti anapotoka kwao. Mama ndiye anayeuanza, baba ndiye anayeupiga, na binti hukaa kimya akalia. Binti asiyepigiwa wimbo ule, kwao, ameondoka tu, hakuagwa. Yustina mwenyewe aliwahi kuniimbia kidogo, tukiwa tunasuka ukili, akaniambia anausubiria kwa Kemi kwa hamu. Na sasa mama hayupo. Wakakubaliana shangazi yake Kemi, Paskazia, anayekaa Ukonga, aanze badala ya mama. Ikabaki kwa mpigaji.

Kwenye kikao, Benson, mwalimu wa kwaya, mtu wa mipango, akasema, "Mzee, tumia gitaa la kwaya. Tyuni ya kawaida, mie nakusindikiza na kinanda, inatoka bomba."

"Sawa," akasema Baba Kemi.

Kesho yake Kemi aliingia dukani kama askari.

"Shikamoo anti."

"Marahaba. Mbona umenuna? Petro keshaanza vituko?"

"Petro hana shida. Baba. Kakubali kupiga wimbo wa mama kwa tyuni ya kawaida."

"Kwani wimbo si ule ule?"

"Sio ule ule, anti! Mie nimelala na ule mwingine tangu niko mdogo. Mama akiwa jikoni, baba yuko pale nje, mie niko kwenye mkeka. Huo ndo wimbo. Huu mwingine wa kanisani." Akaweka mikono juu ya kaunta, akashusha sauti. "Nimemwambia alishushe gitaa lake. Kasema lisiguswe. Nikamuuliza kwa nini, akasema 'sawa.' Mtu unamuuliza kwa nini anakujibu sawa! Mie mama yangu kafa, na baba naye sijui kaenda wapi. Siagwi na mtu ambaye hayupo. Bora wafute hiyo sendofu nipande bajaji niende zangu kwa Petro."

Nikajua hatanii, maana Kemi ana kichwa kigumu cha mama yake. Nikamwambia aniachie.

Jioni ile nikaenda kwa Baba Kemi na maneno yangu yamejaa mdomoni. Nilimkuta amekaa barazani, redio haikuwashwa, chai imepoa mbele yake. Nikamwambia kwamba kila mtu ana msiba wake, kwamba mtoto anaolewa mara moja, kwamba gitaa ni mti na nyuzi, na kama anataka kulitunza kwa ukumbusho basi alitunze baada ya shughuli. Aliniacha nikamaliza yote. Nilipokwisha akasema kwa sauti ile ile ya kusomea orodha ya mizigo:

"Mama Mazin, jioni ya kabla ya siku ile alinipa sauti, nikafunga nyuzi. Sijazigusa tena. Ziko pale alipoziacha. Sauti yake imo mle."

Nikakaa kwenye ukingo wa baraza.

"Nikilifunga upya kwa ajili ya dada Paskazia," akaendelea, "lazima nisogeze. Nikisogeza imekwenda. Sina nyingine."

Niliumia. Nasema wazi, niliumia kwa ajili yake, na niliumia kwa ajili ya Kemi, na nilikasirika na Yustina pia, Mungu anisamehe, kwa kutuachia mambo ya namna hii. Nikaimwaga chai yake iliyopoa, nikamletea nyingine ya moto kutoka kwangu, na nikarudi nyumbani.

Jumapili baada ya misa wakakutana kwa mazoezi sebuleni kwake. Paskazia alikuwepo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Benson alikuja na kinanda chake akakiweka juu ya meza ya chakula. Baba Kemi alishika gitaa la kwaya. Kemi alikaa pembeni na uso umefungwa. Mie nilikuja kwa kisingizio cha kuuliza idadi ya wageni.

Wakaanza. Haikwenda. Shangazi anaanza pake, gitaa liko kwingine, kinanda nacho kimeshikana na gitaa. Benson akachukua kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi shingoni ili zipande, akakisogeza hapa, akakisogeza pale. Ikawa nafuu kidogo halafu ikaharibika tena.

"Waitu, jamani," akasema Paskazia akijipepea na kanga, "hili gitaa linanifukuza."

"Shangazi, wewe lifuate tu," akasema Benson.

"Nilifuate? Tangu lini mtu akafuata gitaa? Gitaa ndo linamfuata mtu. Leodegar, mwambie huyu."

"Ni sawa tu, dada," akasema Baba Kemi. "Tuanze tena."

Nadhani ni ile "sawa" iliyommaliza Kemi. Aliinuka, akavuta kiti, akapanda, na kabla yeyote kati yetu hajafumbua mdomo alikuwa amelitoa gitaa kavu msumarini.

"Kemilembe!"

Sikumbuki mara ya mwisho kusikia sauti ya namna ile ikitoka kwa mtu yule. Glasi kabatini zililia. Benson alirudi nyuma mpaka akagonga meza. Mie, kusema kweli, nilifurahi. Nilidhani sasa mtu amerudi. Baba Kemi alikuwa amesimama, mikono mbele, kama anayetaka kupokea mtoto mchanga.

"Shuka. Taratibu. Umegusa uzi?"

"Sijagusa, baba."

"Nipe."

Akampa. Akalichukua kwa shingo na kwa tumbo, akaketi nalo, na vumbi likamwachia alama kwenye suruali. Kemi alikuwa bado yuko juu ya kiti. Basi Baba Kemi akaweka kidole gumba kwenye ule uzi wa kuanzia, ule uliokuwa ukikutana na sauti ya Yustina, akaugonga.

Mie niliijua sauti ya Yustina. Niliisikia kila jioni kupitia ukuta kwa miaka, nikiitaka nisiitake. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia. Lakini kilichotoka mle kilikuwa mlio wa chini, uliolegea, unaokwaruza. Akagonga tena. Akagonga wa pili, na wa tatu. Kila uzi ulikuwa umeteleza kwa mwendo wake, huu sana, ule kidogo, hata hazikuwa zinasikilizana. Kutu ilimganda kidoleni. Joto, chumvi ya hewa, masika na kiangazi; nyuzi zilikuwa zimelegea zenyewe pale ukutani, na kwa kuwa alikataza zisiguswe, hakuna aliyejua. Hakuna anayejua ni lini. Huenda ilikuwa mwezi ule ule wa kwanza.

Benson akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu. Nikamtazama, akautoa.

"Baba," Kemi akasema kwa sauti ndogo, "nimeiharibu mie?"

"Hapana." Alikuwa anatazama kidole chake chenye kutu. "Ilishakwenda. Siku nyingi. Mie nilikuwa naliangalia tu, sikulisikiliza."

Nilimsubiri alie. Hakulia. Alikaa tu, na uso wake haukubadilika, na hicho ndicho kilichonitisha. Kisha akaomba kitambaa. Nikampa upande wa kanga yangu ya zamani, akafuta nyuzi moja moja, toka juu mpaka chini, kama anayefuta mikono ya mgonjwa.

"Toa," akasema.

Hatukujua anamwambia nani. Paskazia akajisafisha koo.

"Si wewe, dada. Kemi. Toa."

"Mie? Shangazi ndo anaanza."

"Toa, mwanangu."

Kemi akashuka kwenye kiti. Akanyoosha shingo, akavuta pumzi kubwa, akatoa. Ilikuwa ile, ya juu, nyembamba, imenyooka. Ilikuwa Yustina mtupu. Mtoto aliyesikia sauti ile kila jioni akiwa kwenye mkeka alikwenda kuichukua huko huko ilikobaki, akamletea baba yake. Niligeuka kutazama mlango wa jikoni, na sina aibu kulisema, kwa sababu Paskazia naye aligeuka.

Mkono wa Baba Kemi ulikuwa tayari kwenye kifunguo. Angeweza kukaza. Kidogo tu, akaze mpaka uzi ukutane na sauti ile, na kila kitu alichokuwa analinda ukutani kingekuwa kimerudi. Nilitaka akaze. Moyoni nilikuwa namwambia, kaza, kaza, chukua. Lakini mkono ulikaa pale pale bila kugeuka. Alimwacha Kemi mpaka pumzi ikamwishia. Mtoto alikuwa anatetemeka, mishipa ya shingo imemtoka. Ile haikuwa sauti ya kifua chake.

"Hiyo ya mama yako," akasema Baba Kemi. "Nipe ya kwako."

Kemi akaanza kulia. Baba yake akasubiri. Hakumbembeleza, hakumharakisha, alikaa tu na gitaa mapajani. Mwisho Kemi alijifuta na kiganja, akafumba macho, akatoa sauti nyingine. Nzito, ya chini, imekwaruzwa na kilio pembeni. Tangu nimjue yule mtoto sikuwahi kujua kwamba ana sauti ile. Baba Kemi akakaza uzi kidogo tu, ukakutana nayo, na akaishia hapo, mbali sana chini ya pale alipokuwa Yustina. Kisha akazifuatisha nyingine, hii juu, ile chini. Alipopitisha kidole kwenye zote sita, sebule ikajaa.

Benson alibonyeza kinanda, akabonyeza tena. "Mzee, hapa kinanda hakina sauti hiyo. Imeangukia katikati."

"Basi kipumzike."

"Na bibi harusi hajiimbii mwenyewe," akasema Paskazia. "Haijawahi, Leodegar. Watu watasema."

"Waseme. Hapa nyuzi zilipo hakuna mwingine wa kuanza."

Akamaliza, akanishukuru kwa kanga, akaniuliza kama wageni wangu wa pilau wanajulikana idadi. Nilirudi nyumbani nikamweleza Hilal yote.

Sendofu ilifanyika Ukonga, kwenye ukumbi uliopambwa kwa vitambaa vya rangi ya zambarau kiasi kwamba ulidhani umeingia ndani ya biringanya. Emsii alipiga kelele. Wasichana wa famasi walicheza singeli mpaka viatu vikawatoka. Pilau yangu iliisha mapema, na waliochelewa walaumu miguu yao. Kisha emsii akanyamazishwa, Baba Kemi akaketi katikati kwenye kiti cha plastiki na gitaa lake kavu, na Kemi akasimama mbele yake na shela.

Wazee wa Kihaya waliguna bibi harusi alipofungua mdomo mwenyewe. Guno lilikufa katikati. Sijui Kihaya, kwa hiyo siwezi kusema aliimba nini, ila nilisikia jina la baba yake, na la Paskazia, na mahali fulani, nikishtuka, jina langu. Baadaye niliambiwa wimbo ule hutaja watu ambao binti anawaacha nyumbani. Kila anapotaja mmoja, gitaa linamjibu. La Yustina hakulitaja. Alitaja waliobaki tu. Paskazia alilia, Benson alilia, Petro alilia mpaka shati likakunjamana, na Hilal alikuwa anajifanya ana vumbi jichoni. Mie usiniulize.

Baba Kemi alipiga mpaka mwisho bila kukosea hata mahali pamoja, na uso wake ulikuwa mkavu. Wimbo ulipokwisha watu wakamkimbilia Kemi kumtuza na kumkumbatia, emsii akapata tena mdomo wake, na muziki wa spika ukarudi. Baba Kemi akabaki kwenye kile kiti, kiganja kimelala juu ya nyuzi ili zisilie. Nilikasirika. Nikapita katikati ya watu nikiwa nimepania kumwambia kwamba hata jiwe lingetoa jasho leo. Nilipofika nikamwinamia.

Aliinua macho, akanitazama kama mtu mwenye habari ambayo bado haijanifikia.

"Mama Mazin," akasema. "Yustina amekufa."

Hasira yote iliniishia. Sauti yake haikuwa na kilio. Alikuwa anasubiri nimjibu, kama vile inawezekana nikamwambia hapana.

"Ndiyo, Baba Kemi," nikamwambia. "Amekufa."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nikavuta kiti cha jirani nikakaa karibu yake, mpaka Paskazia alipokuja kumwita wakapokee keki ya wazazi.